Wanasayansi wa Hadithini Wanaochunguza Uchawi na Mizuka

Mwanasayansi anayechunguza uchawi na mambo ya ghaibu ni mhusika mwenye umri wa karne moja na nusu hivi katika fasihi. Kabla yake hadithi zilikuwa na wachawi, waganga na wacha Mungu walioyakabili mapepo kwa dua, kwa kafara au kwa talasimu. Hakuwapo mtu aliyeingia katika nyumba yenye mzuka akiwa na daftari, kipimajoto na nia ya kuandika ripoti. Mhusika huyo alizaliwa Ulaya katika karne ya 19, wakati wasomi wa huko walipokuwa wakidai ushahidi wa kila jambo, hata lile lisiloonekana kwa macho. Tangu hapo waandishi wamemtumia kuuliza swali zito: mtu achunguze vipi jambo ambalo hana hakika kama lipo?

Wazee wake wawili wanajulikana. Wa kwanza ni Faust wa Ujerumani, ambaye visa vyake vilichapishwa Frankfurt mwaka 1587, na ambaye Goethe alimtungia tamthilia kubwa ya sehemu mbili, ya kwanza ikitoka mwaka 1808 na ya pili mwaka 1832. Faust amesoma falsafa, sheria, tiba na elimu ya dini, akaona zote hazimkati kiu, ndipo akageukia uchawi. Lakini Faust hauchunguzi uchawi huo. Anauendea kama mtu aendeaye mkopo, na kulipa analipa kwa roho yake. Wa pili ni Victor Frankenstein wa Mary Shelley, katika riwaya ya mwaka 1818. Utotoni Victor alisoma vitabu vya Cornelius Agrippa, Paracelsus na Albertus Magnus, mabingwa wa kale wa elimu za siri. Alipofika chuo kikuu cha Ingolstadt, mwalimu mmoja alimdharau kwa kupoteza miaka yake katika vitabu hivyo, na mwingine, Waldman, akamwambia kwamba wazee hao ndio waliowawekea wanasayansi wa sasa msingi. Majibu hayo mawili, la dharau na la heshima, yataandamana na mhusika huyu kila aendako.

Wa kwanza kustahili jina lenyewe barabara ni Daktari Martin Hesselius, tabibu Mjerumani aliyebuniwa na Joseph Sheridan Le Fanu wa Ireland. Kisa chake mashuhuri, Green Tea, kilitoka mwaka 1869 katika gazeti la Charles Dickens, All the Year Round, kisha kikaingia katika kitabu In a Glass Darkly cha mwaka 1872. Mgonjwa ni kasisi Jennings, mtu mpole na msomi, aliyezoea kukesha akiandika juu ya dini za kale huku akinywa chai ya kijani ili usingizi usimchukue. Usiku mmoja, ndani ya gari la abiria la kukokotwa na farasi, anaona macho mawili mekundu gizani. Ni ya tumbili mdogo mweusi. Tangu siku hiyo tumbili hambanduki. Anamfuata nyumbani, anamfuata kanisani, anakaa juu ya kitabu kasisi anapotaka kuwasomea waumini, na mwishowe anaanza kusema, akimshawishi ajidhuru.

Hesselius anafanya yote yampasayo tabibu. Anasikiliza bila kucheka, anauliza lini na wapi, anaandika kila neno. Halafu anakwenda kujifungia katika nyumba ya wageni nje ya mji ili afikiri kwa utulivu, bila kuacha anwani. Anaporudi anakuta barua ya kumwita imemngoja mno. Anakimbilia kwa Jennings na kukuta ameshajiua. Na hapo ndipo Le Fanu alipoonyesha ustadi wa ajabu: anampa daktari nafasi ya kujieleza. Hesselius anamwandikia msomi mwenzake kwamba maradhi kama hayo ameyatibu mara 57 na hajapata kushindwa, kwamba kuna majimaji ya mishipa ya fahamu yanayoharibiwa na chai ile hadi jicho la ndani likafumbuka, na kwamba Jennings hahesabiki kwa kuwa matibabu yake yalikuwa hayajaanza. Nadharia imekamilika, kila kitu kimepata mahali pake, na mgonjwa yuko kaburini. Mwandishi hasemi kama tumbili alikuwa shetani, ugonjwa wa neva au majuto ya mtu aliyesoma mambo yaliyomzidi. Anachokionyesha waziwazi ni jinsi maelezo mazuri yanavyoweza kumfariji mtaalamu kuliko yanavyomfaa mgonjwa. Fasihi ya aina hii ilianza na kushindwa, na hilo liliipa uzito ambao hadithi za mizuka za kawaida hazikuwa nao.

Miaka michache baadaye ulimwengu wenyewe ukaifuata hadithi. Mwaka 1882 iliundwa London Society for Psychical Research, jumuiya ya kuchunguza matukio yasiyoelezeka, na rais wake wa kwanza akawa Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Cambridge. William Crookes, mkemia aliyegundua elementi ya thaliamu, naye alipata kuiongoza. Wanachama walikusanya ushahidi wa watu walioona vivuli vya jamaa zao waliofariki, wakakaa gizani na watu waliodai kusema na wafu, wakawafichua wengi wao kuwa walaghai. Ripoti yao ya mwaka 1894 ilitokana na majibu ya watu 17,000 walioulizwa kama wamewahi, wakiwa macho, kuona, kusikia au kuguswa na kitu kisichokuwapo. Kwa kazi hiyo waandishi wa hadithi walipata utaratibu ulio tayari: dodoso, shahidi, ukaguzi wa vyumba, na uvumilivu wa kukaa usiku kucha pasitokee kitu. Ndani ya miaka michache wakachomoza Flaxman Low, aliyetungwa na mama na mwana wa ukoo wa Prichard kwa ajili ya gazeti la Pearson's, na John Silence wa Algernon Blackwood, daktari aliyechanganya tiba na elimu ya roho, mwaka 1908.

Aliyewapita wote kwa umaarufu ni Profesa Abraham Van Helsing wa Amsterdam, katika Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897. Ni daktari wa tiba, wa falsafa na wa fasihi, anajua sheria, anajua kumlaza mtu usingizi wa kumpumbaza, na anajua kwamba maiti anyonyaye damu huzuiwa kwa kitunguu saumu na vitu vitakatifu. Lucy, msichana anayenyonywa damu na Dracula, anapodhoofika, profesa anasimamia kazi ya kumwongezea damu iliyotolewa kwa wanaume wanne mmoja baada ya mwingine. Makundi ya damu yalikuwa bado hayajagunduliwa. Karl Landsteiner aliyaeleza miaka minne baada ya riwaya kutoka. Msomaji wa leo anatetemeka kwa sababu ambayo Stoker hakuikusudia.

Hata hivyo, Van Helsing ni mtafiti dhaifu kuliko sifa zake. Anafika akiwa ameshajua jibu, analificha kwa sura nyingi, na muda anaowaficha wenzake unamgharimu Lucy uhai. Kazi ya kisayansi katika riwaya hiyo inafanywa na Mina Harker, mwalimu wa shule. Mina ndiye anayekusanya shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, anasikiliza sauti ya daktari mmoja iliyonaswa kwenye mashine, anapiga chapa yote na kuyapanga kwa tarehe. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na kipande chake na hofu yake. Baadaye ni yeye anayepima njia zote ambazo adui angeweza kupita kurudi kwake na kuamua kwamba amekwenda kwa mto. Kama tuzo ya utafiti ingetolewa kwa mhusika mmoja wa Dracula, haki ingemwangukia mwanamke huyo.

Thomas Carnacki ni mtu wa namna nyingine kabisa. William Hope Hodgson alianza kumtoa katika gazeti la The Idler mwaka 1910, na kitabu cha visa vyake, Carnacki the Ghost-Finder, kikatoka mwaka 1913. Carnacki anaishi Chelsea, London. Kila amalizapo kazi huwaalika marafiki wanne kwa chakula, kisha huwasha kiko na kuwasimulia. Anapoitwa kwenye nyumba yenye kero, kwanza anaipekua kuanzia darini hadi chini. Anabandika milango kwa nta na kuivutia nywele, ili ikifunguliwa ajue. Anatega kamera. Ni baada ya hayo tu ndipo anapochora duara la chaki sakafuni na kupanga juu yake mirija ya vioo iliyounganishwa na betri, ambayo hutoa mwanga hafifu wa buluu. Zindiko hilo la umeme limetokana na jaribio la profesa mmoja wa kubuniwa, aliyeona kwamba mwenye kupandwa na roho hupoteza nguvu zake akizungushiwa mirija ya aina hiyo. Carnacki akakiunganisha kifaa hicho na maagizo ya hati ya kale ya kujikinga na mashetani. Maagizo ya wazee hayatupi wala hayaabudu, anayajaribu.

Jambo kubwa kwake ni kwamba matokeo hayajulikani mapema. Katika visa vingine adui ni kitu cha kutisha kweli, kisicho na jina. Katika vingine ni watu. Kwenye nyumba moja ya Ireland, ambako damu hudondoka kutoka darini na watu wamekufa, Carnacki anatimua mbio na wenzake wote kwa hofu, na kesho yake anapozitazama picha alizopiga anaona waya. Wahuni walikuwa wakiitumia nyumba hiyo na kuwafukuza wageni. Katika kisa cha farasi asiyeonekana mambo yanachanganyika: mwanamume mwenye wivu anakamatwa akiigiza kwato za farasi kwa vifaa, kisha kwato nyingine zinasikika, ambazo mlaghai huyo hakuzitengeneza, naye anakufa. Hodgson mwenyewe aliuawa vitani karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1918, akiwa ameacha visa vichache tu vya mtu huyu. Ni hasara, kwa kuwa ni waandishi wachache wa zama zake waliowapa watafiti wao ruhusa ya kukuta kwamba hakuna kitu.

Ruhusa hiyo ilipata mwenzake katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alishinda shindano la uandishi lililoandaliwa na East African Literature Bureau kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, na watu wa mahali pale wanayo maelezo tayari. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, si mwanasayansi wa maabara, ni mpelelezi. Lakini namna yake ni ile ile ya Carnacki anapokagua milango: anauliza nani alikuwapo, nani ana faida, na kwa nini mwenye kosa angependa mzimu ulaumiwe. Abdulla hakuwadhihaki waumini wa mzimu. Alionyesha tu kwamba hofu ya watu wote ni pazia zuri kwa mtu mmoja mwenye siri.

Katika karne ya 20 vipimo vilizidi kupata heshima. Miaka ya 1930, katika chuo kikuu cha Duke huko North Carolina, J. B. Rhine aliwakalisha watu mbele ya karata 25 zenye alama tano, akawataka wabashiri alama wasiyoiona, akahesabu. Kitabu chake cha mwaka 1934 kilileta mabishano yaliyodumu, kwani wengine waliporudia majaribio hawakupata matokeo yale. Uchawi ulikuwa umeingizwa katika jedwali la takwimu. Swali la waandishi likahama: vipi ikiwa kitu kipo, na kipimo hakikioni?

Shirley Jackson alilijibu mwaka 1959 katika The Haunting of Hill House. Daktari John Montague anakodi jumba lenye sifa mbaya kwa miezi mitatu na kuwaandikia watu waliowahi kupatwa na mambo ya ajabu. Wanaokuja ni wawili, pamoja na kijana mrithi wa nyumba. Mmoja ni Eleanor, ambaye alipokuwa na miaka 12 mawe yaliinyeshea nyumba yao kwa siku tatu. Montague ni mpole na mwenye adabu ya kazi: kila mtu aandike anachokiona, asimsomee mwenzake. Mlangoni mwa chumba kimoja pana mahali penye baridi kali, wote wanaisikia katika mifupa, mikono inakufa ganzi. Anapeleka kipimajoto. Kipimajoto hakionyeshi badiliko lolote.

Hapa pafaa kutua kidogo, kwa kuwa riwaya nzima imo katika tukio hilo. Watu wanne wanatetemeka na chombo kinakanusha. Montague hakiri kwamba chombo kina haki, wala hasemi kwamba hakina maana, anaendelea kuandika. Anachokosa kukiona kwa wakati ni kwamba jumba limemchagua Eleanor, mwanamke mpweke aliyemtunza mama mgonjwa kwa miaka mingi na ambaye kwa mara ya kwanza anajisikia amefika kwake. Anapotambua hatari anamfukuza kwa nia njema, na Eleanor analigongesha gari kwenye mti. Makala ya Montague juu ya nyumba hiyo inapokewa na wasomi kwa ubaridi, naye anastaafu. Miaka 90 baada ya Hesselius, kosa ni lile lile: mtu aliyeletwa awe chombo cha uchunguzi ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Televisheni ya Uingereza iliongeza wazo jingine usiku wa Krismasi mwaka 1972, BBC ilipoonyesha The Stone Tape ya Nigel Kneale. Mafundi wa kampuni ya vifaa vya umeme wamehamia katika jumba la kale kutafuta njia mpya ya kunasa sauti. Katika chumba kimoja wanasikia mayowe ya mwanamke aliyekufa zamani. Kiongozi wao anaamua kwamba mzuka si roho; ni kumbukumbu iliyonaswa na jiwe la ukuta, na ubongo wa binadamu ndio unaoicheza. Anaona biashara. Wanalishambulia jiwe kwa mitambo hadi mayowe yanafutika, na ni Jill, mtunga programu za kompyuta, peke yake anayegundua kwamba chini ya kumbukumbu hiyo ipo nyingine ya kale zaidi, isiyo na umbo. Hakuna anayemsikiliza mpaka inamuua. Wazo la jiwe lenye kumbukumbu lilienea sana, na wapenda mizuka wengi wanalitaja leo kama nadharia bila kukumbuka tamthilia hiyo. Miaka 12 baadaye filamu ya Marekani Ghostbusters iliwatoa wahadhiri watatu chuo kikuu na kuwafanya mafundi wa kukamata mizuka kwa malipo. Ilipendwa dunia nzima, ingawa kama uchunguzi ina machache: pale mwanzoni tu mmoja wao anawajaribu wanafunzi kwa karata za Rhine na kudanganya katika matokeo.

Kuna tawi la fasihi hii ambalo halina shaka kabisa. Randall Garrett wa Marekani, kuanzia mwaka 1964, alitunga visa vya Lord Darcy katika dunia ambayo uchawi umefanyiwa sayansi, una kanuni, mitihani na leseni, na fizikia imebaki nyuma. Fundi Sean O Lochlainn anapima ushahidi wa mauaji kwa kanuni mbili ambazo James Frazer alizieleza katika The Golden Bough: kinachofanana na kitu hukizaa kitu hicho, na vilivyowahi kugusana hubaki vimeungana. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa kanuni ya pili. Nyumba nyingi zimewafundisha watoto wasiache kucha na nywele zilizokatwa zikizagaa, asije mwenye nia mbaya akaziokota. Garrett alichukua imani kama hiyo na kuuliza ingekuwaje ikipewa maabara.

Lakini picha kamili kuliko zote ya wanasayansi wa uchawi wakiwa kazini ilitoka Urusi. Ndugu wawili, Arkady na Boris Strugatsky, mmoja mfasiri wa Kijapani na mwingine mwanaastronomia aliyefanya kazi katika kituo cha Pulkovo, walitoa mwaka 1965 riwaya kuhusu taasisi ya utafiti wa uchawi katika mji wa kaskazini. Kijana Aleksandr Privalov, mtunga programu kutoka Leningrad, anawapa lifti wasafiri wawili na kujikuta ameajiriwa huko. Ngano zote za Urusi zimo ndani, na kila kiumbe kina idara, bajeti na makaratasi yake. Watafiti wanashughulikia furaha ya binadamu na maana ya maisha, na usiku wa mwaka mpya, wakati wangeweza kuwa nyumbani, wanarudi mmoja mmoja maabarani kwa sababu kazi inawavutia kuliko sherehe.

Wapo na wasiostahili. Profesa Vybegallo, mpenda magazeti na sifa, anadai kuunda mtu mwenye furaha kamili, yaani mtu asiyekosa chochote anachokitamani. Kiumbe chake kinakula bila kikomo, na jaribio linaishia kwa mlipuko. Wenzake walimwambia mapema, kwa hoja, kwamba tamaa iliyoshibishwa si furaha. Sehemu ya mwisho inahusu kasuku anayekutwa mfu, kisha yu hai siku inayofuata, na mkurugenzi Janus Nevstruev, mtu mmoja mwenye miili miwili. Privalov na rafiki zake wanatupa dhana moja baada ya nyingine mpaka Roman Oira-Oira anapopata inayobeba ushahidi wote: kasuku anaishi akirudi nyuma, kila usiku wa manane akiruka kuingia katika jana badala ya kesho, na mwili mmoja wa mkurugenzi vivyo hivyo. Hapo hapo dhana hiyo inawafikisha kwenye mlipuko wa Tunguska wa mwaka 1908 na kueleza kwa nini wapelelezi hawakukuta mabaki ya chombo chochote cha angani msituni: kama waliomo ndani walikuwa wakienda kinyume na wakati, walikwishaondoka kabla ya moto. Vijana wanaanza kubishana upya juu ya kasuku, chombo na tarehe.